Watu Niliowaondoa Kwenye Picha

Kwa miaka mingi kazi yangu ya picha ilikuwa ya ndani. Nilikuwa na studio ndogo jijini Dodoma, yenye pazia la buluu na stuli moja, na riziki yangu ilitokana na picha za pasipoti, mahafali na harusi za Jumamosi. Mandhari kwangu ilikuwa turubai lililochapishwa, la kutundikwa nyuma ya bwana harusi, na maporomoko ya maji yaliyokuwa kwenye turubai hilo yalikuwa ya nchi ambayo wala mimi wala wateja wangu hatukuijua jina. Kwa hiyo ofisi moja iliponiagiza picha kumi na mbili za kalenda, zikionyesha uasilia wa Dodoma, nilitoka na kamera yangu nikiamini kwamba uasilia ni mahali pasipo na mtu.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, wakati ambapo upepo wa Dodoma hukusanya vumbi na kulimwaga upya kila alasiri, na mibuyu husimama bila jani hata moja. Niliuona mbuyu nilioutaka kando ya barabara ya kwenda Mvumi, mnene, wenye matawi yaliyojipinda juu ya anga tupu. Chini yake alikuwapo mama mmoja pamoja na binti yake, wakiangua mabuyu kwa mti mrefu na kuyatia kwenye kiroba. Nilimsalimu, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba asogee ili niupige mti peke yake. Alisogea bila neno, akaketi juani pembeni ya kiroba chake, na pale alikaa karibu nusu saa huku mimi nikisubiri kipande cha wingu kiondoke mahali nisipokitaka. Nilipomaliza na kumshukuru, aliniuliza, "Sasa baba, picha ikionyesha mti mtupu namna hiyo, watajuaje ni wa wapi?" Nilimjibu kwamba chini yake pataandikwa Dodoma. Aliguna, akachukua mti wake, akaendelea kuangua.

Usiku niliikuza picha ile kwenye kompyuta, na hapo ndipo nilipoona kwamba mti wenyewe haukuwa mtupu. Shina lake lilikuwa limezungukwa na makovu mapana, kuanzia usawa wa goti hadi usawa wa kifua, na juu zaidi palikuwa na mstari wa vidoa vyeusi vilivyopanda kama ngazi hadi kwenye tawi la kwanza. Nilidhani ni kasoro. Nikaanza kuyafuta makovu yale kwa programu ileile ninayotumia kufuta chunusi za bibi harusi, na nilifuta kwa saa nzima, hadi shina likawa laini kama nguzo ya saruji. Picha hiyo ndiyo iliyotoka kwenye kalenda, mwezi wa Septemba vilevile. Nililipwa, na nilijiona fundi.

Niliurudia mti ule baada ya miezi michache kwa sababu nyingine kabisa, nikiwa nimepeleka picha za harusi kijiji cha jirani, na mzee mmoja niliyekuwa naye njiani alinisimamisha pale kivulini ili tupumzike. Nilimwuliza habari za makovu. Alicheka, kisha akauzunguka mti pole pole huku akiugusa kwa kiganja kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani. Makovu ya chini, alisema, ni mahali walipochuna gome ili kupata nyuzi za kusokotea kamba. Mbuyu ukichunwa gome haufi kama miti mingine, bali huota gome jipya, nalo huwa na rangi na mikunjo tofauti na lile la kwanza. Alinionyesha sehemu tatu zilizochunwa kwa nyakati tofauti. Vile vidoa vyeusi vilikuwa vigingi vya miti migumu, vilivyopigiliwa ili watu wapande kurina asali na kuangua mabuyu ya juu. Nilikisogelea kigingi kimojawapo kilichokuwa usawa wa uso wangu. Gome lilikuwa limekimeza pande zote, likikunjamana kuzunguka kama mdomo wa mtu asiye na meno, na kilichobaki nje kilikuwa ncha yenye ukubwa wa kifungo cha shati, iliyong'arishwa na nyayo. Mzee alisema aliyekipigilia ni kaka yake marehemu, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alishika zile kamba ili kaka asianguke.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekifuta kwa saa nzima.

Sitaki kudai kwamba nilibadilika siku hiyohiyo, kwa sababu haikuwa hivyo. Wateja wa harusi walikuwepo na kodi ya studio ililipwa kwa pesa zao. Lakini nilianza kutilia shaka tabia yangu ya kuwaondoa watu kila nilipoelekeza kamera kwenye ardhi, na shaka hiyo ndiyo iliyonipandisha basi la Kondoa kwenda kuiona michoro ya kale ya miambani ya Kolo, ambayo nilikuwa nimeisikia tangu shule ya msingi bila kuiona.

Anayedhani atakuta mapango marefu yenye giza atashangaa. Ni kuta za mwamba zilizoinamia mbele na kufanya vibaraza, kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mwanga wa jua huzifikia vizuri. Eneo lote lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 ni kilomita za mraba 2,336, likiwa na vibaraza zaidi ya 150 vyenye michoro, na mgeni wa kawaida huonyeshwa vichache tu. Kijana aliyenitembeza alinipandisha hadi Mungumi wa Kolo, tukiwa tunahema, kisha akaniacha nitazame kwanza bila maelezo, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

Kwanza niliona wekundu tu, kama kutu. Halafu macho yakazoea, akatokea twiga, akatokea pofu, yule swala mkubwa, na baadaye watu: warefu, wembamba kama mabua ya mtama, wenye vichwa vikubwa vilivyopambwa kwa namna ambayo hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama ni nywele au ni vinyago. Wataalamu wanaihusisha michoro myekundu na jamii za wawindaji na wakusanyaji wa matunda na mizizi, ambao Wasandawe, leo wengi wao wakiwa wilaya ya Chemba, huhesabiwa kuwa jamaa zao. Michoro myeupe, ambayo mahali pengine imepakwa juu ya ile myekundu, inadhaniwa kuwa ya wakulima waliokuja baadaye. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipokuja hapa na mumewe Louis mwaka 1951, walifanya kazi ya kuinakili kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mistari kwa mkono, na kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1983, zaidi ya miaka 30 baadaye. Mimi niliyezoea kumkabidhi bibi harusi picha zake wiki inayofuata niliona aibu kidogo.

Mchoro mmoja ulinishika kuliko yote. Watu watano wamesimama kwa safu, na wa katikati anaonekana kama anavutwa huku na huku. Leakey aliona humo ugomvi wa kumteka mwanamke. Wengine waliokuja baadaye, wakiangalia ngoma za Wasandawe za kupandwa na roho, wanaona watu wanaomshikilia mwenzao aliyezidiwa na nguvu isiyo ya kawaida. Mimi si mtaalamu, na sikuwa na haja ya kuchagua. Kilichonigusa ni jambo dogo la ufundi: mchoraji hakujiondoa. Aliyemjua twiga kiasi cha kumpatia shingo yake kwa mstari mmoja hakuona kwamba mwamba huo utachafuliwa akijichora yeye na wenzake, na aliwachora kwa rangi ileile iliyotoka kwenye ardhi ileile.

Kijana wangu aliniomba mambo mawili. La kwanza, nisirushe maji kwenye mwamba ili rangi zikolee, kwa kuwa wapiga picha wamekuwa na tabia hiyo na maji hayo huharibu michoro. La pili, nisipige upande mmoja wa kibaraza kwa sababu palikuwa na mabaki ya tambiko la siku za karibuni. Wazee wa Kirangi bado hupanda Mungumi kuombea mvua na wagonjwa, na baadhi ya watunzaji wa urithi hulalamika kwamba pombe ya tambiko inaathiri kuta. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Hata hivyo UNESCO yenyewe, ilipouorodhesha mwamba huo, ilizingatia pia imani hizo zilizo hai, na kwa maoni yangu mwamba uliofungiwa kabisa usiguswe na mwombaji mvua utakuwa umegeuzwa kuwa turubai la studio, kama lile la maporomoko yangu. Niliifunika lenzi na kugeukia upande mwingine.

Niliporudi mjini nilianza kuwatafuta wenzangu wa mbali kwenye intaneti, usiku, saa ambazo bando ni rahisi. Wa kwanza alinichekesha. Mwaka 1967 kijana wa Kiingereza, Richard Long, alitoka London, akaingia katika uwanja wa nyasi, akatembea kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja hadi nyasi zikalala, akaupiga picha mstari huo, na picha hiyo ikaingia katika historia ya sanaa. Ng'ombe wa Bahi wanafanya hivyo kila siku wakielekea kunywa maji, na hakuna aliyewapa ukumbi wa maonyesho. Lakini kicheko kilipokwisha nilijikuta nikizitazama upya njia za ng'ombe zilizochimbika karibu na visima, na nikaona kwamba Long alikuwa amefanya nilichokikwepa mimi: alipiga picha ya ardhi, na kitu pekee kilichokuwamo ni alama ya miguu yake.

Nick Brandt, Mwingereza aliyepiga picha za wanyama wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alikwenda njia nyingine. Alizichapisha picha zake za tembo, simba na vifaru kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha mahali ambapo wanyama hao waliwahi kupita huko Kenya na ambapo sasa pamekuwa machimbo, majalala na maeneo ya ujenzi, kisha akaipiga picha hali hiyo nzima. Nilichokipenda ni kwamba watu wa mahali hapo hawakuambiwa wasogee. Wanaendelea kuchambua taka na kubeba mawe huku tembo amesimama nyuma yao kama ukuta.

Aliyenikaa moyoni zaidi, hata hivyo, ni Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki mwezi Mei mwaka 2025. Mwaka 1994 alikuwa hapahapa nchini, kwenye kambi ya Benaco kule Ngara, akiwapiga picha wakimbizi waliotoka Rwanda. Mambo aliyoyaona katika miaka hiyo yalimvunja mwili na moyo, akaiacha kamera kwa muda na kurudi nyumbani, akakuta shamba la wazazi wake, lililokuwa na msitu alipokuwa mdogo, limebaki udongo mtupu. Yeye na mkewe Lélia walianzisha taasisi mwaka 1998 na kuanza kupanda miti ya asili, na kwa miaka iliyofuata ilipandwa zaidi ya milioni mbili. Baada ya hapo ndipo aliposhika tena kamera na kutumia miaka minane kuzunguka dunia akipiga mandhari, wanyama na watu wanaoishi kwa mila zao za kale. Nilimsoma Salgado nikiwaza Kondoa.

Kwa sababu Kondoa nayo ina habari inayofanana na hiyo, ingawa ni chungu zaidi. Milima ya Irangi ilikuwa imemomonyoka kiasi kwamba makorongo yalikula mashamba na njia, na mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu huko anauita HADO. Yalichimbwa makinga maji, ikapandwa miti, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yakarudi. Ng'ombe wakawa wamekwenda, na pamoja nao maziwa, mbolea na mahari. Mtu akitazama picha ya mlima uliorudia ukijani wake haoni zizi tupu lililolipia ukijani huo.

Nilianza kwenda huko kila nilipopata nafasi, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo ni zito kuliko lile la mbuyu. Nilimkuta mzee mmoja ndani ya korongo, jembe begani, amesimama kati ya kuta mbili za udongo mwekundu zilizompita kimo. Mwanga ulikuwa mzuri mno. Nilimwomba ruhusa, akanikubalia, nikapiga, tukaagana kwa furaha. Baadaye ofisi moja iliyokuwa ikiandaa mabango ya mazingira ikaniomba picha ya mmomonyoko, nami nikaitoa ile bila maelezo ya kutosha, tena bila kuuliza bango litasema nini. Lilipotoka, maneno yaliyokuwa juu ya kichwa cha mzee yule yalihusu kilimo kinavyoharibu ardhi.

Habari zilimfikia. Mpwa wake aliliona bango mjini, akalipiga kwa simu, akamtumia. Nilipigiwa na mpwa huyo, na ingawa sauti yake ilikuwa ya adabu, nilielewa kwamba natakiwa kwenda mwenyewe, si kuomba radhi kwa simu.

Nilikwenda na sukari na picha moja iliyochapishwa kwa ukubwa wa kutundika. Mzee alinikaribisha, akaniita mwanangu, akaagiza nipewe maji ya kunywa, na hakuligusa jambo hilo hadi nilipomaliza kuyanywa. Kisha alisema, "Twende korongoni." Alinishusha mahali palepale tulipokutana mara ya kwanza, akanionyesha kilichokuwa nyuma yangu siku ile nilipompiga picha: mistari ya mawe iliyopangwa kukata korongo kutoka ukuta hadi ukuta, saba kwa idadi, na nyuma ya kila mstari udongo uliokamatwa na mvua ukiwa umejaa na kuota majani na makonge. Jembe lile begani lilikuwa la kazi hiyo. Alikuwa na miaka kumi na minne ng'ombe wa baba yake walipoondolewa, alisema, na tangu alipopata nguvu za kuinua jiwe hajapitisha kiangazi bila kupanga mstari au kuukarabati. "Wewe ulisimama upande wa mawe ukaelekeza kamera upande usio na mawe. Mimi nilidhani umeyaona."

Sikuwa nimeyaona. Nilikuwa nimeyakanyaga ili kupata kimo kizuri cha kupigia picha.

Ofisi iliyotengeneza bango niliiandikia barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa, na ya pili ilijibiwa kwamba mabango yamekwisha kusambazwa. Basi nilifanya lililokuwa katika uwezo wangu: nilipiga picha upya, mara hii nikimwuliza mzee nisimame wapi, naye alinisimamisha juu ya ukingo, mahali ambapo mistari yote saba huonekana na yeye mwenyewe huonekana mdogo, chini, ameinama. Kwa vigezo vyangu vya zamani ni picha dhaifu. Mtu hana uso ndani yake, na mwanga wa saa nne asubuhi umeifanya bapa. Yeye aliipenda, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni, huku ile ya mwanzo ikiwa imewekwa nyuma ya kabati.

Tangu hapo huwa naanza kwa kuuliza, na majibu hunipeleka mahali ambapo nisingefika kwa macho yangu. Kijiji kimoja cha Wagogo nilikwenda nikitaka uso wa bibi mmoja mwenye sura nzuri ajabu. Bibi akanikatalia, akaniambia kama nina picha za kupoteza nipande nikapige paa lake. Nyumba yake ilikuwa tembe, ya paa la udongo lililo bapa, na juu yake alikuwa ameanika mlenda katika mafungu matatu yaliyotengana: uliochumwa shambani, uliochumwa kando ya korongo, na uliochumwa mlimani. Aliniambia hata gizani huyajua mafungu hayo kwa harufu. Aliniambia pia kwamba mwanawe anataka kumwezekea bati, naye hataki, kwa sababu bati huunguza majani yakapoteza ladha. Nimepiga nyuso nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna iliyowahi kunieleza mvua ya mwaka mmoja kama paa lile.

Kondoa nimeendelea kurudi mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi maji yakiwa korongoni na mwezi Oktoba pakiwa pamekauka, nikipiga kutoka mahali palepale na kwa lenzi ileile, kwa sababu badiliko la ardhi halionekani katika picha moja. Ili nisipoteze mahali pa kusimama, mwanzoni niliweka jiwe kubwa ukingoni na kulipaka rangi nyeupe upande mmoja. Oktoba iliyopita nilifika nikalikosa. Nilizunguka nikilitafuta, hadi mjukuu wa mzee akanionyesha kwa kidole: lilikuwa chini, kwenye mstari wa nane ulioanzishwa kiangazi hicho, limebanwa katikati ya mawe mengine, na rangi yangu nyeupe imeelekea juu. Nilisimama kwa kukadiria, nikapiga picha.